TUSI LA RANGI NI JERAHA LA KAZI

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wote wa Kiandutu, Makongeni, Thika mjini na Ruiru,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mishahara, saa za kazi, nauli na kodi ya nyumba. Leo twataka kusema neno juu ya jambo lisiloandikwa katika karatasi ya mshahara, ingawa mfanya kazi hulilipia kila siku. Jambo hilo ni tusi la rangi, yaani mtu kudharauliwa kazini kwa sababu ya ngozi aliyozaliwa nayo. Twataka kueleza jinsi tusi hilo linavyoingia katika akili ya mtu na kumfanya augue, jinsi anavyoweza kutibiwa, na wajibu wa Chama katika jambo hili.

Wako watakaosema, "Chama kina kazi nyingi. Tusi halivunji mfupa. Kila mtu na ajifute machozi yake mwenyewe." Maneno hayo husemwa hata na viongozi wa matawi. Twawaomba wenye kusema hivyo wasome mpaka mwisho, halafu waamue.

HABARI YA RUIRU

Wengi wenu mwakumbuka mambo ya Septemba 2018. Katika kampuni moja ya pikipiki hapo Ruiru, kijana Mkenya alitoa simu yake akarekodi maneno ya mkubwa wake, Mchina, walipokuwa wakibishana. Mkubwa yule aliwaita Wakenya wote nyani, wala hakumwacha nje hata Rais wa nchi wa wakati ule, Bwana Uhuru Kenyatta. Picha zile zilienea nchi nzima kwa muda mfupi. Idara ya Uhamiaji ilimkamata mtu yule na kumfukuza nchini. Watu walishangilia. Magazeti yaliandika, halafu yakanyamaza.

Serikali ilitenda vema. Lakini sisi twauliza swali ambalo halikuulizwa sana wakati ule. Ndege ilimchukua mtukanaji. Je, tusi nalo lilipanda ndege? Wale waliolisikia kwa masikio yao, na wengine wengi wa viwanda vingine ambao hawakuwa na simu mkononi siku walipotukanwa, ni nani aliyewauliza, "Ndugu, usiku walala?" Kama mashine ingalimkata mmoja wao kidole, ingalikuwapo fomu ya kujaza, daktari wa kumwona, na fidia ya kudai. Kwa jeraha hili hapakuwa na fomu.

Hilo ndilo neno letu la leo. Tusi la rangi ni jeraha la kazi kama majeraha mengine. Lina dalili zake, lina matibabu yake, na lina mtu wa kuulizwa.

TUSI LAINGIA KAMA NDUTU

Mtaa wa Kiandutu wabeba jina la ndutu, ambaye kwa Kiswahili ni funza. Kila aliyewahi kutolewa funza ajua tabia yake. Huingia akiwa mdogo kuliko chembe ya mchanga. Siku ya kwanza ni mwasho tu. Mwenye mguu hujikuna akaendelea na safari yake. Funza hukaa ndani, akala, akavimba kwa mayai, na baada ya siku chache mtu hawezi kukanyaga chini.

Tusi la rangi lina tabia hiyo hiyo. Asubuhi mfanya kazi aambiwa kwamba watu wa rangi yake ni wavivu. Adhuhuri apekuliwa mlangoni mpaka viatuni, hali wenye rangi nyingine wapita bila kuguswa. Jioni aona kijana mgeni, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha mashine, amefanywa msimamizi wake kwa mshahara mkubwa zaidi. Choo chake mbali, kikombe chake mbali, meza yake mbali. Kila jambo likitazamwa peke yake ni dogo. Akishtaki, aambiwa kwamba atafuta maneno. Basi anyamaza.

Lakini mwili haunyamazi. Mtu anayengojea tusi kila siku ni kama askari wa zamu asiyepokewa. Moyo wapiga mbio kabla hajafika langoni. Shingo na mabega yakaza. Tumbo lasokota. Usingizi wakatika saa nane za usiku, naye alala akitazama mabati, akiyasikia tena yale maneno na kutoa majibu ambayo mchana hakuthubutu kuyatoa. Akiendelea hivyo kwa miezi, damu yapanda, kichwa chauma, na makosa yazidi kazini. Na mashine haina huruma kwa mtu aliye nusu usingizini.

Nyumbani nako mambo yaharibika. Huyu aanza kunywa, si kwa furaha bali apate kulala. Yule apeleka hasira yake mlangoni kwake, na mke na watoto wapigwa kwa kosa la mtu wasiyemjua. Mwingine aacha kanisa, aacha mpira, aacha hata kuja mkutanoni, kwa kuwa aona haya kutazamwa. Na ubaya kupita yote ni siku mtu anapoanza kusadiki. Atazama mikono yake na kusema, "Huenda ni kweli, sisi ndivyo tulivyo." Hapo funza amekwisha kutaga mayai.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Marekani wataalamu wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark, waliwapa watoto weusi wanasesere, wengine weusi na wengine weupe, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Walikuwa watoto wadogo, hawajafanya kazi kwa mtu hata siku moja, nao walikwisha kulishwa sumu. Mambo hayo yaliwekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1954 mahakama hiyo ilikata neno kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

JINSI WALIOUMIZWA WALIVYOITWA WAGONJWA

Ikiwa jeraha lipo na dawa ipo, mbona wafanya kazi wetu waogopa kwenda kwa daktari wa akili? Wengine wakosa nauli na nafasi. Lakini wengi wazuiwa na aibu. Jina la Mathari limekuwa tusi. Watoto hutupiana wakicheza. Aibu hiyo ina asili yake, na yafaa mfanya kazi aijue.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, ikiwa ni nyumba ya kufungia wenye wazimu. Wakati wa ukoloni wagonjwa walitengwa humo kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Katika miaka ya 1930 daktari wake, H. L. Gordon, alifundisha kwamba ubongo wa Mwafrika ni hafifu kuliko wa Mzungu. Aliyeishika hospitali hiyo toka 1938 mpaka 1950, J. C. Carothers, aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida, aliye mzima, afanana katika fikira zake na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika hakikuchapishwa na watu wa mtaani. Kilichapishwa mwaka 1953 na Shirika la Afya la Dunia.

Sasa tazameni hali ya Mwafrika huyo aliyekuwa akichunguzwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, kila mwanamume Mwafrika mfanya kazi alilazimishwa kubeba kipande katika kibweta cha bati shingoni, na wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ardhi ya wengi ilikuwa imechukuliwa. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba katika kazi za Serikali asiye Mzungu alipwe sehemu tatu tu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Watu walipokataa mambo hayo, na hali ya hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Serikali ilimwomba Carothers aeleze Mau Mau ni kitu gani. Maandishi yake yalitoka mwaka 1954. Badala ya kuanza na shamba na mshahara, yeye alitafuta chanzo katika akili ya Mwafrika, iliyopotewa na mila za kale na kuvurugwa na mambo mapya.

Hila hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili, na katika dawa alizozitaja mlikuwamo kiboko. Angalieni vema, ndugu zetu. Anayeshika fimbo ahesabiwa mzima. Anayeikimbia fimbo ndiye mgonjwa.

Kwa fikira kama hizo kambi za kizuizini ziliitwa mahali pa kurekebisha watu. Mtu alitakiwa akiri kiapo chake kama anayetapika sumu, ndipo ahesabiwe amepona. Asiyekiri alipigwa na kufanyishwa kazi ya shuruti. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kupigwa kwa sababu walikataa kazi hiyo. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kuisahau tarehe hiyo.

Na je, waliotoka hai walipona? Mwaka 2006 daktari Lukoye Atwoli na wenzake, Wakenya, walichapisha uchunguzi wao juu ya wazee waliopitia kambi zile. Zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa bado na ugonjwa wa mshtuko, yaani ndoto mbaya, kushtuka ovyo, na mambo ya zamani kurudi kana kwamba yatendeka leo, ingawa miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisema katika bunge la Uingereza kwamba Serikali yake yasikitika kwa mateso yale, na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa walalamikaji 5,228. Kesi ile ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa, na hakuna pauni iwezayo kurudisha usingizi wa miaka 50.

Katika habari hizi twapata mafundisho mawili. La kwanza, jeraha la dharau si deko. Hukaa muda mrefu kuliko kovu la panga. La pili, daktari asiyetaka kusikia mtu ameumizwa na nani aweza kuwa fimbo nyingine. Kwa hiyo hatuwalaumu wazee wetu walioikimbia Mathari. Lakini mtu akiuziwa dawa mbovu na mwuza duka mmoja, hafanyi kiapo cha kutotumia dawa maisha yake yote. Hutafuta duka jingine.

MADAKTARI WALIOONA MAMBO KWA MACHO MENGINE

Waliokuwapo wengine. Frantz Fanon, daktari mweusi mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, alishika kazi katika hospitali ya akili ya Blida huko Algeria mwaka 1953, wakati wa utawala wa Wafaransa. Aliwatibu walioteswa, akawatibu hata na askari waliowatesa. Mwaka 1956 alijiuzulu. Katika barua yake alisema kwamba mwenyeji wa Algeria amefanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe, na hali hiyo yapingana na kazi ya daktari wa akili, ambayo ni kumrudishia mtu ukaaji wake mahali pake. Katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, alimjibu Carothers kwa jina.

Huko Nigeria, daktari Thomas Lambo alianza mwaka 1954 matibabu ya namna mpya pale Aro, karibu na Abeokuta. Hakuwafungia wagonjwa nyuma ya kuta. Walikaa vijijini pamoja na jamaa zao, wakalima na kupika, na kwenda kutibiwa hospitalini. Waganga wa kienyeji walishirikishwa. Dunia iliona kwamba Mwafrika huugua akili kama binadamu wengine, na hupona kama binadamu wengine, hasa akiwa katikati ya watu wake.

TIBA YENYEWE NI KITU GANI

Wengi husikia neno "daktari wa akili" wakafikiri habari za kufungwa kamba na kuchomwa sindano. Kwa mtu aliyeumizwa na dharau, mara nyingi tiba ya kwanza ni mazungumzo. Mshauri aliyefundishwa huketi na mgonjwa mahali pa faragha kwa muda wa saa moja hivi, kila juma, kwa majuma kadhaa. Hamhukumu wala hamhubirii. Humsaidia kufanya mambo haya.

Kwanza, kulisema jambo lote tangu mwanzo mpaka mwisho, hata yale ya aibu. Maneno yanayozunguka kichwani usiku hupungua nguvu yakisemwa mchana mbele ya mtu asiyecheka.

Pili, kutenga mambo mawili yaliyochanganyika: yale niliyotendewa, na yale niliyo. Aliyetukanwa kwa rangi hujiuliza, "Nina kasoro gani?" Mshauri mwema humwonyesha kwamba kasoro iko kwa mtukanaji na katika utaratibu unaomlinda. Hii ndiyo sindano ya kumtoa funza.

Tatu, kuufundisha mwili kutua. Ziko njia za kupumua polepole na kulegeza viungo ambazo humwondolea mtu ile hali ya askari wa zamu, apate kulala bila pombe.

Nne, kurudi kwa watu, yaani mpira, kwaya, msikiti, chama cha akiba, na mkutano wa tawi. Dharau humfukuza mtu katika watu, tiba humrudisha.

Tano, kuchagua la kufanya juu ya jambo lenyewe, ama kushtaki, ama kuandika, ama kuhama idara, ama kungoja ushahidi. Mtu aliyelala vizuri huchagua vizuri.

Je, kazi hiyo yahitaji daktari mkubwa kila mara? La. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mtaa wa Mbare, wakiketi na wagonjwa katika benchi la mbao nje ya zahanati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na nyanya hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu, pale Dagoretti, wahudumu wa afya wa mitaani walifundishwa njia ya mikutano mitano ya Shirika la Afya la Dunia, wakawahudumia akina mama waliokuwa katika dhiki, wengi wao wakiwa wamepigwa na kudhulumiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, nayo yalikuwa mema. Shirika lile lile lililochapisha kitabu cha 1953 sasa lafundisha njia ambayo jirani aweza kumsaidia jirani. Dunia yaweza kubadilika.

Lakini tusidanganyane. Ziko hali zinazohitaji hospitali upesi. Mwenzako akisikia sauti zisizokuwapo, akikaa siku nyingi bila kula wala kulala, au akisema kwamba yafaa afe, usimwachie benchi. Fuatana naye mpaka hospitali, na ukae naye usiku huo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, nambari 1199, yaweza kupigwa na mtu yeyote. Wala asiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria iliyokuwa ikimshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa, hana kosa.

TIBA BILA CHAMA HAITOSHI

Sasa twafika kwenye kiini. Wako matajiri wa siku hizi wanaomleta mshauri kiwandani mara moja kwa mwaka, wakapiga picha, wakatoa soda. Mshauri asema, "Pumueni polepole, msamehe, msibebe mambo ya kazi nyumbani." Halafu aondoka, na mtukanaji abaki katika kiti chake. Hiyo si tiba. Ni kumfunga mtu kidonda kila jioni na kumrudisha kila asubuhi kwa mtu yule yule mwenye panga. Tiba haikuwekwa ili mtu azoee tusi. Imewekwa ili mtu apate nguvu ya kulikataa.

Kwa upande mwingine, Chama peke yake nacho hakitoshi. Twaweza kushinda kesi, mtukanaji akafukuzwa, na ndugu yetu akaendelea kunywa mpaka akafa. Daktari na Chama ni mikono miwili ya kazi moja. Mkono mmoja watoa mwiba, na mkono wa pili wafagia njia.

Sheria iko upande wetu tukiijua. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakataza tajiri kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya rangi, na chaamuru malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kifungu hicho hicho chakataza kumbagua mtu kwa hali ya akili yake. Someni tena maneno hayo mawili katika kifungu kimoja: rangi na akili. Basi tajiri hana ruhusa ya kumtukana mtu mpaka akaugua, wala hana ruhusa ya kumbagua kwa kuwa ameugua. Kifungu cha 46 chasema kwamba kumpelekea tajiri mashtaka ya haki si sababu ya kumfuta mtu kazi. Na Kenya ilikwisha kutia sahihi mwaka 2001 mapatano nambari 111 ya Shirika la Kazi la Dunia, ya mwaka 1958, juu ya ubaguzi kazini.

Kwa hiyo twaweka mbele ya matawi mashauri haya, yazungumzwe katika mkutano ujao:

1. Kila tawi liweke daftari ya matusi. Iandikwe siku, saa, mahali, maneno yenyewe yalivyosemwa, aliyesema, na waliosikia. Neno lisiloandikwa hukanwa. Daftari ikae kwa katibu, si ofisini kwa tajiri.

2. Kila idara ichague msikilizaji mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, watu wenye kifua cha kutunza siri. Tawi liombe wahudumu wa afya wa mtaa wawafundishe, na liandike orodha ya mahali pa kupeleka mgonjwa aliyezidi.

3. Katika mapatano yetu mapya na matajiri tudai kwamba aliyeumizwa na tusi la rangi apewe ruhusa ya kwenda kwa mshauri bila kukatwa mshahara, na gharama ilipwe na tajiri.

4. Mshauri huyo asiwe karani wa tajiri. Yanayosemwa ndani ya mlango yabaki ndani ya mlango. Mfanya kazi akijua kwamba maneno yake yatafika kwa meneja, hatasema kitu, na tiba itakuwa bure.

5. Tusi la rangi lihesabiwe katika mapatano kuwa kosa kubwa la kazi, kwa mkubwa na kwa mdogo, wala lisimalizwe kwa kupeana mikono ofisini.

TUJITAZAME SISI WENYEWE

Ndugu, tusiwatazame wageni tu. Msimamizi mweusi anayemwita mwenzake jina la kabila lake kwa dharau afanya kazi ile ile ya funza. Na sisi tunaomcheka mtu kwa weusi wa uso wake, tumeazima fimbo ya mkoloni. Anayemwita mwenzake "mtu wa Mathari" kwa sababu alikwenda kutibiwa, huyo amfunga mgonjwa mlango wa hospitali kwa mkono wake.

Wala chuki kwa taifa zima si dawa. Aliyetukana Ruiru alikuwa mtu mmoja, na mafundi wa taifa lake wamo ambao hula na sisi na kuheshimu kazi yetu. Wenye kusahau na wamkumbuke Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliyeunda mwaka 1935 Chama cha wafanya kazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1950 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, akazuiliwa mpaka 1961, zaidi ya miaka 11. Hakuuliza mtu ana rangi gani. Aliuliza anafanya kazi gani na analipwa nini.

Twawakumbuka pia dada zetu wanaotoka mitaa kama hii yetu kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Uarabuni. Wengine hurudi na masanduku, na wengine hurudi wamenyamaza. Yule aliyenyamaza asiulizwe mbele ya watu ameleta nini. Mwenzake mmoja na amketishe kando, ampe chai, amwulize polepole jinsi alivyokaa. Huo ni mwanzo wa tiba, nao hauna gharama.

Kwa mwanachama anayesoma ukurasa huu akijua moyoni kwamba twasema juu yake, neno letu ni hili. Wewe si dhaifu. Umeumia kazini. Aliyeumia kazini huandikisha jeraha lake, hutibiwa, na Chama husimama naye. Njoo kwa katibu wa tawi lako siku yoyote baada ya kazi. Ukiona vigumu kusema, sema hivi tu: "Nimekuja kwa ajili ya lile jambo la gazeti." Atafunga mlango, naye atasikiliza.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI